Mbao Zilizoanikwa Juani

Boti haikuwepo. Mahali ilipolala jana palibaki kamba iliyofunguliwa, kandambili moja ya buluu ya mguu wa kushoto, na matone ya damu yaliyoelekea majini.

Inspekta Nelima Wasike wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, Kisumu, alichuchumaa kando ya kandambili ile bila kuigusa. Nyuma ya utepe wa manjano alisimama kila mtu wa ufuo ule mdogo ulio mbele kidogo ya Dunga: wavuvi, wauza omena, na karibu kwaya nzima ya wanawake. Huko watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Asubuhi hiyo wote walikuwa na jibu moja tu.

"Ni Wechuli."

Wechuli alikuwa mnunuzi wa samaki. Juzi alizozana na Sydney, nahodha wa boti iliyopotea, kisa barafu, na katika hasira akamwambia, "Utaniona." Neno hilo watu hurushiana kila siku na jioni wakala sahani moja. Lakini sasa Sydney hayupo, boti haipo, na kuna damu mchangani. Koplo Calvince alikuwa amemfungia Wechuli ndani ya gari la polisi, si kwa kumshuku sana, bali kwa sababu vijana walikuwa wameanza kuokota mawe.

Mama Dorca, mama yake Sydney, alikuwa amekaa chini na leso begani. Alikuwa amelia mpaka akanyamaza. Nelima alikaa mchangani karibu naye.

"Pole, Mama. Ulimwona Sydney lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Alikula kwangu. Akasema atalala kwa boti, juu ya safari ya kesho."

"Safari gani?"

"Kwaya yetu. Asembo Bay wanafungua kanisa mpya, wametuita. Boti ni ya sisi wanawake, so tukasema hatuendi na gari. Tuingie na maji, tukiimba."

"Simu yake?"

"Haishiki." Mama Dorca alimgeukia. "Madam, niambie tu ukweli. Huyu mtoto ako hai?"

Miaka yote ya kazi haikuwa imemfundisha Nelima namna ya kujibu swali hilo. "Bado sijui, Mama. Nikijua, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Alirudi penye matone. Mtaalamu wa eneo la tukio alikuwa akichukua sampuli.

"Damu nyingi?"

"Kidogo, Afande. Mtu aliyejikata kidole anamwaga hii. Aliyechomwa kisu, hapana."

"Au aliangukia majini kabla damu haijatoka vizuri."

"Au hivyo," mtaalamu alikubali, na Nelima akatamani angemkatalia.

Ndipo alipoona unga. Ulikuwa mweupe, mwembamba, umetawanyika pale sehemu ya nyuma ya boti ilipokuwa. Ndani ya unga huo mlikuwa na vipande vidogo vyeusi, vibichi. Aliokota kimoja kwa kibanio, akakinusa. Kilinuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndani ya maji.

"Calvince, hii ni nini?"

Koplo alikunja pua. "Mbao, Afande. Imeoza."

"Na unga?"

"Faiba. Mtu ametoboa boti na drili."

Nelima alifikiri. Mwizi wa boti haitoboi kwanza. Muuaji naye hana haja ya kujua sakafuni kuna nini.

"Nani aliwahi kufungua boti hii?"

Kila mtu alijua hilo pia. Boti yenyewe, Nyasaye Ber, yaani Mungu ni Mwema, kwaya iliinunua ikiwa kuukuu kwa mtu aliyekuwa akitembeza watalii. Boti ya faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, hata ionekane ngumu vipi, hubebwa na mihimili ya mbao iliyofichwa chini ya sakafu na kufunikwa kwa faiba pande zote. Ile ya Nyasaye Ber ilikuwa imechoka, na fundi aliyeweka mingine alikuwa Mzee Dalmas, ambaye ameunda nusu ya boti za mbao za ufuo huo. Siku boti ilipobarikiwa alisimama mbele ya kanisa akasema mbao hizo zitadumu mpaka zimzike yeye. Watu walipiga makofi.

Mzee Dalmas alikuwa pale pale katika umati, kofia mkononi, macho chini. Nelima alimwomba waende karakana yake, hatua chache kutoka ufuoni.

Karakana hiyo aliijua. Mwaka uliopita aliipitia akitafuta nyavu zilizoibwa, na Mzee alimwonyesha kwa majivuno kidimbwi alichochimba ukingoni mwa ziwa. Humo alikuwa amezamisha mbao zake zote chini ya mawe. Mbao ya boti haikaushwi, alimwambia siku ile. Ikinywa maji inafura, na mianya yote inajifunga yenyewe. Fundi anayekausha mbao anataka kuua watu.

Leo kidimbwi kilikuwa kitupu. Mbao ndefu zilikuwa juu ya vichanja, zimeanikwa juani, na karatasi ya nailoni imekunjwa kando, tayari kuzifunika mvua ikija.

"Mzee, mbao hizi ni za nini?"

"Za boti, Madam. Kazi tu."

"Zinafanya nini juani?"

Mzee alizitazama kana kwamba zimeletwa na mtu mwingine. "Zinapata jua kidogo."

"Mwaka jana ulisema jua ni adui."

"Mwaka jana ni mwaka jana."

"Sydney umemwona lini?"

"Huyo kijana..." Aligeuza kofia mkononi. "Huyo kijana ni mzuri, Madam. Anataka kuoa Sheryl wangu. Mama yake alikuwa aje kwangu mwezi huu na ayie, ile pesa ya kwanza ya posa, tukubaliane."

"Sikukuuliza kama ni mzuri."

"Jana," alisema Mzee. "Jana mchana."

Alikuwa akidanganya, na alikuwa mwongo mbaya. Nelima angeweza kumkaba pale pale. Lakini mzee aliyebanwa mapema hufunga mdomo, na kulikuwa na njia fupi zaidi. Mbao za boti ya mbao hazikaushwi; hizi basi zilikuwa za boti ya faiba, na faiba inahitaji rezini, gundi yake, ambayo haiuzwi ufuoni.

Alimwacha Calvince amwangalie Mzee, akaendesha mwenyewe hadi mjini Kisumu. Duka la kwanza lilikuwa na rangi tu. La pili lilikuwa la mama mmoja aliyeitwa Nabututu, mwenye miwani kwenye kamba na sauti ya mwalimu wa kwaya. Nelima aliposikia lafudhi yake alimsalimu kwa Kibukusu, na mama yule akasogeza kiti.

"Rezini? Leo nimeuzia mtu mmoja tu. Nilikuwa hata sijamaliza kufungua mlango."

"Leo? Una uhakika si jana?"

"Mimi nimezeeka, lakini si hivyo. Leo asubuhi. Kijana mrefu, mkono amefunga na kitambaa. Akachukua rezini, dawa yake ya kugandisha, na mkeka wa faiba. Akaniuliza mbao inafaa kukauka mpaka wapi. Nikamwambia mpaka ukiigonga ilie." Alicheka. "Huyo nilimkumbuka kwa sababu ya miguu. Amevaa kandambili moja. Mguu mwingine uko peku, katikati ya mji."

Nelima alitoa simu na kumwonyesha picha ya Sydney aliyopewa ufuoni.

"Ndiye huyo," alisema Nabututu. "Amefanya nini?"

"Amekuwa hai," alisema Nelima, akaketi.

Alicheka peke yake mbele ya mikebe ya rangi, mkono mdomoni, macho yakimlowa. Kwa muda mfupi hakuwa inspekta wa mtu yeyote. Kisha alimpigia Calvince.

"Mpe Mama Dorca simu."

Upande wa pili kulikuwa na upepo na watu wakinong'ona.

"Mama, ni Nelima. Leo asubuhi Sydney alikuwa mjini, kwa miguu yake. Aliyemwona amenithibitishia kwa picha. Mtoto wako yuko hai."

Alisikia simu ikianguka mchangani, halafu sauti za wanawake zikipanda zote pamoja. Ilichukua muda Calvince kuiokota.

"Afande, hapa watu wanaruka."

"Waache waruke. Mfungulie Wechuli, mpe maji, umwombe radhi. Na Mzee Dalmas asiende hata msalani bila wewe."

Aliporudi, Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo katika karakana yake. Mama Dorca alikuwa amesimama mlangoni na hakutaka kuondoka. Nelima aliweka mezani mfuko wa ushahidi wenye kandambili ya buluu.

"Mzee, ya pili iko wapi?"

Mzee Dalmas aliitazama kandambili. Mabega yake yalishuka, na Nelima akajua kazi imekwisha.

"Nitawapeleka," alisema.

Aliwapeleka kwenye banda la zamani la barafu nyuma ya matete, lililoachwa tangu mashine zake zife. Lilikuwa na paa zima na sakafu kavu. Kutoka ndani ilisikika mashine ya kukata. Ilizimika. Sydney alitokea mlangoni, uso mweupe kwa unga wa faiba, barakoa shingoni, mguu mmoja na kandambili na mwingine peku.

"Mama? Mbona mmekuja na polisi?"

Mama Dorca alichukua mfuko wa ushahidi kutoka mkononi mwa Nelima, akatoa kandambili, na kumpiga nayo mwanawe begani mara moja, barabara. Kisha akamkumbatia. "Wuoda," alisema, "wuoda," mwanangu, akarudia mpaka unga wa faiba ukahamia kwenye leso yake. Kwa mujibu wa taratibu, ushahidi ule ulikuwa umeharibiwa. Nelima aligeuka akatazama matete.

Nyasaye Ber ilikuwa imewekwa juu ya magogo, sakafu yake imekatwa na kufunuliwa. Nelima aliingiza kidole kwenye mhimili wa katikati. Kilizama. Mbao ilikuwa nyeusi, imelowa, na ilimeguka kama mkate uliochovywa kwenye chai. Juu yake ndipo wanawake wa kwaya wangekaa kesho, katikati ya ziwa.

"Nani ataanza?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mzee Dalmas. "Andika, Madam. Hiyo mbao niliitoa kwa dimbwi ikiwa imejaa maji, nikaifunika na faiba siku hiyo hiyo. Nilijua kazi ya boti ya mbao. Kwa boti ya mbao maji inaingia, inatoka, mbao inakaa sawa. Kwa hii nilifungia maji ndani. Haikuwa na pa kutokea. Ikaoza ikiwa imefungwa."

"Ulijua lini?"

"Mimi ndio nilimwambia," alisema Sydney. "Niliona sakafu inacheza chini ya injini. Jana usiku nikamwita, tukatoboa pale ufuoni tuone. Faiba ikanikata mkono. Tulipoona ile kitu inatoka, tukajua kesho hakuna mtu anapanda hii boti. Tukaisukuma mpaka hapa. Kandambili ikabaki kwa tope, simu ikaingia maji."

"Kwa nini hukumwambia mama yako? Au kanisa?"

Sydney alitazama miguu yake. "Madam, huyu ni baba ya Sheryl. Nisimame mbele ya watu niseme mkwe wangu ameozesha boti ya kanisa? Hapo si ni ndoa imeisha? Tulisema tutengeneze kimya kimya. Mzee aambie Mama boti iko kwa fundi wa injini, kwaya iende na gari."

"Na Mzee hakusema."

Mzee Dalmas alivua kofia.

"Nilikuja asubuhi na hayo maneno kwa mdomo. Nikakuta mama ya huyu kijana anagaagaa chini. Watu wanasema ameuawa. Polisi wako. Nikisema, itabidi nieleze boti iko wapi na kwa nini. Nikasema ngoja kidogo. Kila nikingoja, inakuwa ngumu zaidi. Nikasimama tu na wengine." "Niliogopa aibu, Madam. Ni hiyo tu. Mbele ya kanisa nilisema mbao itanizika."

Hasira ya Nelima ilikuja sasa, kwa kuchelewa, kwa vile hofu ilikuwa imechukua nafasi yake tangu asubuhi.

"Wechuli angepigwa mawe, Mzee. Mbele yako. Ungengoja hapo pia?"

Mzee aliifinya kofia mikononi.

"Utaandika taarifa kituoni. Mkuu wangu ataamua kama utashtakiwa kwa kuwaficha polisi ukweli. Lakini kabla ya kituo utasimama ufuoni, mbele ya watu wale wale, umwombe Wechuli msamaha na useme yote. Mbao pia."

"Nitasema."

Nelima alimgeukia Mama Dorca. "Boti ni yenu, Mama. Mnataka kufungua kesi ya wizi?"

Mama Dorca alikuwa bado ameushika mkono wa mwanawe uliofungwa kitambaa, kana kwamba mtu angeuchukua tena. Alikwenda kwenye boti, akamega kipande cha mbao iliyooza, akakipondaponda kikaisha mikononi mwake. Kisha akamtazama fundi.

"Mzee, leo ulinifanya mama ya maiti. Hiyo sitasahau."

"Ndio, Mama."

"Kesho tunaenda Asembo na gari. Wewe na huyu mtabaki hapa mkikausha hiyo mbao mpaka ilie. Kila mama wa kwaya atakuja aigonge na mkono wake kabla ifunikwe."

"Ndio, Mama."

"Halafu ayie nitaleta, vile tulisema. Sheryl hajakosea mtu." Alijipangusa mikono kwa leso. "Lakini siji kwako na barabara. Nitakuja na hii boti, na kwaya yote. Wewe utakuja kutuchukua, na utakaa hapo katikati juu ya mbao yako. Tukifika, tutaongea mambo ya watoto."

Mzee Dalmas aliitazama sehemu ile ya katikati, ilipokuwa wazi na nyeusi. Aliweka kofia chini, akaokota patasi, akapanda ndani ya boti, na kuanza kukwangua.