Mchumba Aliyemsemea

"Rezidenti mkuu wa mwaka huu," Daktari Zakia alisema, "atakuwa Daktari Sefania Shemhando."

Ukumbi ukapiga makofi. Beatha naye alipiga, mikono ikitangulia kabla akili haijaelewa. Alipoelewa, aliona wenzake wengi wakimtazama yeye badala ya kumtazama Sefania.

Kilikuwa kikao cha Jumatatu asubuhi katika hospitali moja ya misheni, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Hapo madaktari hurudi shule kusomea ubingwa wa tiba ya familia huku wakihudumia wodi, na wenyewe huitwa marezidenti. Mkuu wao ndiye hupanga zamu na kuwafundisha wanaoanza, na kwa desturi ya pale, akihitimu ndiye hubakizwa kuwa mwalimu. Mkurugenzi wa mafunzo aliyestaafu, mzee Kristian, hakuwahi kuficha kwamba kiti kile alikiona ni cha Beatha. Wauguzi walishaanza kumwita "mkuu" kwa utani. Lakini mzee Kristian alikuwa amekwenda zake, na mabadiliko ya mwaka huu yalikuwa mikononi mwa Daktari Zakia, mama mpole wa maneno machache aliyeletwa kutoka Tanga mjini.

Daktari Zakia akaendelea kusoma mabadiliko. Daktari Beatha atahamia kituo cha afya cha Mgwashi kwa mafunzo ya vijijini mpaka mwisho wa mwaka. Hapo mtu mmoja wa nyuma akaguna, kwa sababu Mgwashi walikuwa wakipelekwa wa mwaka wa kwanza.

Simu ya Beatha ikatikisika mfukoni mwa koti jeupe. Ujumbe ulitoka kwa Sefania, aliyekuwa amekaa safu moja mbele yake.

"Bea, hii ni hongera yetu sote wawili. Nitakueleza. Usiwaze."

Sefania alikuwa mchumba wake. Posa ilishapokelewa, na kanisani matangazo ya ndoa yao yalishasomwa mara mbili. Jumapili hiyo lingesomwa la tatu, la mwisho.

Kikao kilipovunjika Beatha hakumngoja. Alimfuata mkurugenzi ofisini.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Nilitaka mwenyewe nikuite."

Beatha alisema hakuja kulalamika, alitaka tu kujua alipopungukiwa ili ajirekebishe. Daktari Zakia akavua miwani.

"Hujapungukiwa. Kwa kazi, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Nimefanya hivi kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Mwenzako alikuja kuongea nami. Akaniambia umemtuma, kwamba wewe mwenyewe unaona aibu." Sauti ya mama yule ilishuka. "Pole sana kwa mtoto mliyempoteza. Nami yalinipata, najua. Aliniambia tangu hapo hulali, unalia wodini, na mzigo wa uongozi ungekuvunja. Mgwashi kumetulia. Nikaona utapumzika."

Mimba ile iliharibika wakati wa masika. Walishuka wote wawili mpaka Korogwe ili asisafishwe na watu wanaomjua, wakarudi, na Sefania akamshika mkono akaapa kwamba jambo hilo litabaki kati yao na Mungu. Beatha hakumwambia dada yake. Hakumwambia hata mama yake mzazi. Siku chache baadaye alikuwa kazini, na tangu hapo hakuna mgonjwa aliyewahi kuona chozi lake.

"Sikumtuma, dokta," alisema.

Daktari Zakia akarudisha miwani usoni.

"Hukumtuma?"

"Sikujua kama amekuja."

Mama yule akashika kichwa. Alisema majina yalishapitishwa na bodi, na kuyarudisha lazima Beatha apeleke maelezo yake, na Beatha alijua maana ya maelezo hayo. Bodi ya hospitali ilikuwa na wachungaji na wazee wa kanisa. Wangekaa mezani kuijadili mimba ya nje ya ndoa ya binti wa muumini wao. Beatha akaomba apewe muda, akashukuru, akatoka.

Sefania alikuwa akimsubiri nyuma ya jengo la maabara, penye mikaratusi, ambapo walizoea kunywa chai pamoja. Alishika vikombe viwili. Beatha hakupokea chake.

"Umekwenda kwa Zakia," Sefania alisema.

"Umemwambia nini yule mama, Sefa?"

"Nilimwambia hali halisi. Nani asiyejua kwamba mwaka huu umekuwa mgumu kwako?"

"Hakuna aliyejua. Ulijua wewe peke yako."

Sefania akaweka vikombe chini, akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kama alivyozoea kuwaeleza wagonjwa habari mbaya. Alisema mkurugenzi mpya alikuwa na mpango wa kuleta mtu wa nje, na kama wao wawili wangeshindania nafasi moja wangeikosa wote. Alisema mwanamke akishaolewa mwezi wa kumi na mbili, mwakani ana mtoto, na rezidenti mkuu mwenye mtoto mchanga angechekwa. Alisema chake ni cha Beatha pia.

"Kama changu ni chako," Beatha alimkatiza, "mbona hukumpelekea jina langu?"

Sefania akainama kuokota kikombe chake.

"Hukusema uongo kwamba nilipoteza mimba," Beatha aliendelea. "Ungesema tu wewe ni bora kuliko mimi, ningekuvumilia. Umechukua mtoto wetu ukamfanya sababu."

"Nilisema ukweli, Bea."

"Ukweli ulikuwa wangu. Na kwamba nimekutuma, huo nao ulikuwa ukweli?"

"Hapo niliteleza," Sefania alisema taratibu. "Nilijua ningekuomba ungekataa."

Hakuna alichosema siku ile kilichomuumiza Beatha kama hicho, kwa sababu alikisema bila hila, kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia ya mkato.

Wiki ile ilimwendea Beatha kama homa. Alifanya kazi, alikabidhi wagonjwa wake, alipanga vitu vya safari. Sefania alituma ujumbe asubuhi na jioni. "Nisamehe mke wangu." "Tusiwape watu cha kusema." "Mama yako ameshaalika ukoo mzima, mfikirie yeye." Huo wa mwisho ndio uliomfunga mdomo. Mama yake, Eliza, mjane mwenye shamba la kabeji na miti michache ya fyulisi, alikuwa amewapa habari za harusi hadi ndugu wa Mazinde kule chini. Kila Beatha alipofika nyumbani alikuta kina mama wamekaa jikoni wanapanga nani atapika nini, naye akaahirisha kusema. Ikafika mahali akajiambia kwamba labda ndivyo ndoa zilivyo, mtu humeza jambo moja kubwa mwanzoni, mengine yakapita.

Kwa moyo huo alikwenda kanisani Jumapili, akakaa karibu na mama yake. Sefania alikuwa upande wa wanaume, suti ya kijivu, ndevu zimenyolewa vizuri. Mchungaji Fanueli akafikia matangazo.

"Tunatangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisoma, "kusudio la ndoa kati ya Daktari Sefania Shemhando na Daktari Beatha Kaniki." Akainua macho, akatabasamu. "Na tumshukuru Mungu, maana juma hili amemwinua kijana wetu kuwa mkuu wa madaktari wenzake. Nyumba hii inaanza na baraka."

Waumini wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Sefania akasimama nusu, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mkono kifuani. Mama Eliza alimminya Beatha goti kwa furaha.

Beatha aliutazama ule mkono wa Sefania kifuani. Angeweza kusamehe alichofanya. Kumwona anakipokelea makofi mbele ya Mungu, hapo akashindwa.

"Kama kuna mwenye pingamizi," mchungaji alimalizia kwa mazoea, "aseme sasa, au afike ofisini."

Beatha alisimama.

"Ninalo mimi, mchungaji."

Mchungaji alidhani hakusikia vizuri. Akauliza ni nani.

"Mimi Beatha. Ninayetangazwa."

Kanisa zima likageuka. Mchungaji Fanueli, mtu mzima aliyeona mengi, alimwambia mwinjilisti aongoze wimbo, kisha akawaashiria wamfuate sakristia, chumba kidogo kando ya madhabahu: Beatha, mama yake na Sefania. Mlango ulifungwa, na nje watu wakaimba kwa sauti ndogo huku masikio yote yakiwa mlangoni.

"Mwanangu," mchungaji alisema, "hili ni jambo zito. Sababu ni nini?"

Kabla Beatha hajafungua mdomo, Sefania akamjibia.

"Mchungaji, ni mambo ya kazi tu. Nafasi niliyopewa alikuwa akiitaka yeye. Nimemwachia hasira zishuke, naona bado. Ni wivu, utapita."

Mama Eliza alimtazama binti yake akisubiri akane. Akamwambia kwa Kishambaa, taratibu, kwamba mwanamke haharibu nyumba yake kwa sababu ya cheo.

Ndipo Beatha akasema yote. Alisema mimba, alisema Korogwe, alisema kiapo, alisema ofisi ya Daktari Zakia. Hakulia. Alisema huku akimtazama mama yake tu, kwa kuwa ndiye aliyestahili kuyasikia kwanza na ndiye aliyekuwa akiyasikia mwisho. Alipomaliza, nje wimbo ulikuwa umeshaisha na hakuna aliyeanzisha mwingine.

Mama Eliza alikaa kwenye kiti cha mbao, mikono kwenye magoti.

"Ulikuwa na mjukuu wangu tumboni," alisema, "ukaumwa peke yako, ukarudi nyumbani ukanisaidia kupalilia."

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi?"

Mama yake hakungoja jibu. Akamgeukia Sefania, ambaye tangu siku ya posa alikuwa akimwita baba, kama mtu anavyomwita mwanawe mpendwa.

"Daktari," alisema, na jina hilo lilikuwa baridi kinywani mwake, "mimi niliyemzaa sikuambiwa. Aliyeletwa kutoka Tanga juzi ameambiwa. Ulipokuwa unamwambia, ulikuwa unamlilia mwanangu au ulikuwa unaomba kazi?"

"Mama, niliona ni kwa faida ya wote."

"Waambie wazee wako waje. Hatuna maneno na wewe."

Mchungaji akatoka akawaambia waumini kwamba ndoa hiyo imesimamishwa. Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja, maana waliokaa karibu na mlango walishasikia yote, hata habari ya mimba. Kabla ya saa ya chakula cha mchana habari ilishafika sokoni Lushoto, na kila aliyeipokea aliongeza chake. Wengi walimlaumu Beatha. Walisema amemwaibisha kijana wa watu kwa sababu ya wivu wa kazi.

Kwa vile siri ilishakuwa ya kila mtu, Beatha aliandika maelezo yake, na Daktari Zakia akayasimamia mbele ya bodi. Bodi ilikaa asubuhi nzima. Ikaona kwamba Sefania hakuvunja kanuni ya hospitali, kwamba yaliyotokea ni mambo ya wachumba, na kwamba kubadilisha uongozi tena kungewachanganya marezidenti. Sefania akabaki rezidenti mkuu. Mmoja wa wazee aliuliza kama binti mwenye historia ile alifaa kuendelea na masomo kwenye hospitali ya kanisa, na Daktari Zakia akamjibu kwamba akiondoka huyo, yeye naye anaondoka. Swali likafa hapo.

Alimpa Beatha habari hizo mwenyewe, wamesimama koridoni.

"Nilipaswa kukuita nikuulize wewe," alisema. "Nilimwamini mwanaume anisemee habari za mwanamke, na mimi ni mwanamke. Nisamehe."

Beatha alimwambia amesamehe. Kwa huyu lilikuwa jambo la kweli na halikumgharimu sana.

Alikwenda Mgwashi mvua za vuli zikianza. Mama yake alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampa kikapu cha viazi na blanketi zito, akasimama kando ya barabara. Maneno kati yao yalikuwa bado machache. Jeraha la mama lilikuwa lake mwenyewe, na Beatha alijua litachukua muda.

Mgwashi hakukutulia kama alivyoambiwa. Watu walitoka mbali wakiwa wamebebwa na ndugu zao, na mara nyingi daktari alikuwa yeye tu. Siku moja mchana waliletewa mzee aliyepigwa teke na ng'ombe, tumbo limekuwa gumu kama ubao na mapigo ya moyo yanakimbia. Alihitaji upasuaji, na upasuaji ulikuwa Lushoto. Beatha alimwekea dripu, akaagiza gari la wagonjwa, akapiga simu hospitali. Kwa utaratibu, wagonjwa wa rufaa hupokewa na rezidenti mkuu.

"Haloo," sauti ya Sefania ilisema. "Bea?"

Beatha akaeleza umri wa mgonjwa, alivyoumia, hali ya tumbo, dawa alizokwisha kumpa. Sefania alisikiliza, akauliza maswali mawili ya maana, akasema chumba cha upasuaji kitakuwa tayari. Kisha hakukata simu.

"Bea, mimi sijaoa," alisema. "Watu wananiheshimu hapa, lakini nikirudi nyumbani hakuna wa kuongea naye. Wewe ndiye uliyekuwa unanijua. Nimejifunza. Niambie tu kama kuna siku..."

Dirishani Beatha aliona wanaume wanne wakimpandisha yule mzee garini, mkewe akiwashikia mlango.

Alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo lililokuwa chungu kuliko yote, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu aliyekuwa anamwambia mambo kama hayo ndiye aliyekuwa upande wa pili wa simu.

"Mgonjwa anaondoka sasa hivi, dokta," alisema. "Barabara imeharibika, watachelewa kidogo. Msimwache akae mapokezi."

Akakata simu, akatoka kwenda kumwinua yule bibi apande garini karibu na mumewe.