Madumu Kumi na Mawili ya Pareto

Ijumaa, saa kumi jioni

Chumba cha nyuma cha kilabu cha mbege, Shirimatunda. Mlango umekomewa, redio imefunguliwa kwa sauti. Wanaume watatu, meza moja.

Aristides alikuwa bosi kwa sababu moja tu: alishaua, na wenzake walijua. Mtu wa mji wa Mkuu, Rombo. Mpole wa sauti, humsikiliza mtu mpaka mwisho halafu akafanya lake. Ronald alikuwa dereva, kijana wa mjini Moshi, mkono mwepesi na kichwa chepesi zaidi. Wa tatu ni Sifael wa Machame, na ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Miaka sita alikuwa mkamuaji katika kiwanda cha pareto kule juu.

Aliwaeleza taratibu. Maua ya pareto hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa kwenye heksani, kimiminika kinachowaka upesi kama petroli. Heksani hunyonya dawa yote iliyomo. Ikichemshwa ikaondoka, yanabaki mafuta mazito yenye rangi ya asali, ambayo viwanda vya dawa za wadudu huyagombania. Stoo ilikuwa na madumu kumi na mawili. Mnunuzi alisubiri Tarakea, mpakani na Kenya.

Tatizo ni kwamba stoo ilikuwa nyuma ya ukumbi wa kukamulia, na njia ni hiyo hiyo moja. Heksani ikimwagika, mvuke wake hutambaa sakafuni bila kuonekana. Cheche moja inatosha. Ndiyo maana wafanyakazi huacha simu getini na hutumia spana za shaba.

"Bunduki haiingii mle," Sifael alisema.

Aristides akaitikia kwa kichwa.

Siku waliyochagua ni Jumapili. Zamuni angekuwa mlinzi Filemon peke yake. Mlinzi mkuu, mzee Ebenezeri, siku hiyo huwa hayupo: ndiye mnadi wa usharika, na baada ya ibada hunadi mikungu ya ndizi, mayai na kuku wa sadaka mpaka saa sita. Mzee huyo alikuwa mjomba wake Sifael, aliyemlea tangu mama yake afariki. Ndiye aliyemdhamini kiwandani. Ndiye aliyeaibika mwaka jana, Sifael alipokamatwa akitorosha heksani kwa chupa, akafukuzwa. Tangu hapo hawakusemezana.

Sifael alitoa sharti moja: mjomba asiguswe, iwe itakavyokuwa. Jela aliiogopa kidogo. Kumpoteza mzee yule aliogopa kweli kweli.

"Na mimi nina wazee nyumbani," Aristides alisema. "Hataguswa."

Jumamosi, saa tatu asubuhi

Hapa ndipo Sifael alipoharibu. Moyo ulimsuta, akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chao cha migomba, akalipeleka kwa mjomba. Ukimpelekea Mchagga isale umemfunga mikono. Hata kama ulimwulia ndugu, atasamehe. Sifael alitaka asamehewe la mwaka jana kabla hajatenda la kesho. Upuuzi mtupu, lakini binadamu ndivyo tulivyo.

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Akalia. Akasema yamekwisha.

Sifael akaondoka kifua chepesi, wala hakujiuliza mzee angefanya nini na msamaha ule. Wazee wa kule hawasamehi mdomoni tu. Jioni ile mzee Ebenezeri alimpigia meneja simu, akaomba waonane kiwandani Jumapili saa tano, amwombee mpwa wake kazi upya. Mnada akamwachia mwingine.

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi

Noah ya kijivu, Ronald usukani, ikasimama getini. Filemon akatoka na daftari lake la wageni, akasalimia vizuri. Ronald akamshushia nondo ya kichwa. Akaanguka. Ronald akampiga tena, na hiyo ya pili haikuwa na sababu yoyote.

Mlango wa kibanda cha walinzi ukafunguliwa. Mzee Ebenezeri akatoka na suti yake ya kanisani.

Majambazi watatu walikuwa wamejifunika nyuso kwa vitambaa kabla ya kushuka. Hapakuwa na haja ya mtu kusema neno. Lakini malezi ni malezi, mdomo wa Sifael ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mzee akaitikia. Kisha akaiona damu ya Filemon, na uso wake ukabadilika.

Aristides akamtazama Sifael kwa muda mrefu. Hakugomba. Alisema tu kwamba mzee aingie nao ndani, na wakamfunga kamba kwenye nguzo ya ukumbi. Wakimaliza kazi, alisema, wataona.

Saa nne na dakika arobaini na tano

Walibeba kwa zamu, dumu mkono huu, dumu mkono ule. Mzee alikuwa akimwombea Filemon kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, na kila Sifael alipopita aliyasikia maneno yale yakimchoma.

Ronald alikuwa na haraka. Nondo alikuwa ameichomeka kiunoni, haina kazi tena, lakini hakuiacha nje. Alipogeuka pembeni ya tangi, nondo ikagonga bomba la kioo la kupimia ujazo. Kioo kikapasuka. Heksani ikaanza kumwagika, nyeupe kama maji, ikienea kwenye sakafu ya saruji.

Sifael akamsukuma Ronald nje kwa mabega. Mvuke ulishaanza kumlevya kijana.

Saa tano kasoro dakika tano

Madumu kumi na moja yalikuwa garini. Sifael alikata kamba ya mjomba na kumshika kwapani. Walikuwa wamekaribia mlango wakati Aristides alipotoka stoo na dumu la mwisho. Akaliweka chini. Akafungua zipu ya koti na kutoa bastola. Viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Uliniahidi," Sifael alisema.

"Niliahidi kabla hujamwamkia."

"Usipige humu. Heksani imemwagika."

"Unamtetea mjomba wako."

"Namtetea. Na bado usipige."

Aristides hakuamini. Maisha yake yote watu walikuwa wamemdanganya ili asipige. Sifael akamvuta mzee kwa nguvu zake zote kuelekea mwangani, na bastola ikalia.

Risasi ilimpata mzee pajani. Baada ya hapo sakafu yote ikawaka kwa pamoja. Moto uliwarusha nje wawili wale, ukamla Sifael mgongo, mikono na kitambaa cha usoni. Aristides alikuwa katikati ya moto. Alipiga kelele muda mfupi, lakini kwa aliyezisikia ulikuwa muda mrefu.

Ronald hakumsubiri mtu. Alivunja geti na kuteremka na mali yote. Kwenye kona ya chini, waumini walioshtushwa na mlipuko walikuwa wamejaa barabarani. Akawakwepa, Noah ikapinduka mtaroni. Walimkuta usukani umemwingia kifuani.

Saa tano na robo

Sifael alimbeba mjomba mpaka getini. Filemon alikuwa amefunikwa kitenge, uso na yote.

Watu wakamzunguka Sifael. Mama mmoja akamnywesha maji, akamshukuru Mungu kwa kijana aliyejitosa motoni kumwokoa mjomba wake. Wengine wakaitikia amina. Sifael akayanywa maji yale, hakuwasahihisha. Aristides amekufa, Ronald amekufa, Filemon amekufa. Ulimwengu mzima alibaki mmoja tu anayejua, na mmoja huyo alikuwa amempakata.

Askari aliyefika pamoja na meneja akachuchumaa na kumwuliza mzee aliwaona akina nani.

Mzee Ebenezeri alikitazama kile kitenge. Kisha akamtazama mpwa wake, naye machozi yakimtoka.

"Huyu alikuja nao," alisema. "Ndiye aliyewaonyesha njia. Na ndiye aliyenitoa. Andika yote mawili."

Mama yule akachukua kikombe chake.

"Mjomba," Sifael akasema, "jana ulinisamehe."

"La kwangu nilikusamehe. Hili si langu. Filemon ana mama, kamwombe yeye."

Pingu zikafungwa juu ya malengelenge. Sifael alilia kwa sauti, na si kwa ajili ya mikono. Askari akataka kumpandisha garini, mzee akamwomba asubiri kidogo. Mama yake Filemon ndiyo kwanza alikuwa anapanda kutoka kanisani.