Sajenti Amefia Kituoni

Mtu aliyepita mbele ya duka la vitabu Jumamosi ile saa nne asubuhi angeapa kwamba ndani kunagawiwa kitu cha bure. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita kwa muuza miwani, ikakunja kona ya benki na kuwazibia njia watu waliokuwa na haraka zao. Wote walikuwa wakisubiri kitabu cha saba cha *Kikosi cha Tisa*, hadithi ndefu ya wanajeshi wanaopigana huko juu katikati ya nyota. Wengine walikuja na kofia za kijeshi walizozikata kwenye maboksi, na hawakuona aibu hata kidogo.

Ndani ya foleni, karibu na mlango, alisimama kijana mmoja mrefu, shati la mistari, ambaye hakuwa na shughuli yoyote pale. Kitabu alikuwa ameshakisoma mara nne. Yeye ndiye aliyekipanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji, na alikuja tu kuona nyuso za watu wakikinunua. Kazi yake ni ya kutojulikana: akipatia, hakuna anayemwona.

"Samahani, kaka," sauti ikasema nyuma yake. "Kola yako imekunjika. Nimeivumilia kwa saa nzima, sasa basi."

Akageuka. Dada mwenye gauni la njano lenye mifuko mikubwa, nywele amezifunga kwa kitambaa cha bluu, viatu vimejaa vumbi jeupe. Alikuwa ameshanyoosha mkono, na kola ikawekwa sawa kabla mwenyewe hajajibu.

"Asante. Wewe ni fundi cherehani?"

"Fundi wa meno ya bandia. Kitu kikikaa upande siwezi kula."

Wakacheka, na foleni iliyokuwa haiendi ikaanza kwenda mbio, kama zinavyofanya foleni mtu akipata wa kuongea naye. Walipofika kaunta muuzaji akainua mkono. "Jamani, kimebaki kimoja!" Akamkabidhi kijana. Kijana akakitazama, akampa dada.

"Foleni ya saa mbili halafu uniachie?" Dada alikuwa ameshakikumbatia. "Wewe ni mzima kweli?"

"Mzima kabisa. Ukimaliza utaniazima. Ila nitahitaji namba yako."

"Ahaa! Kumbe bei yake ndiyo hiyo."

Namba akaitoa.

Mashabiki wa kitabu hicho wana kundi lao la simu linaloitwa Kambi, na kila aingiaye hupewa cheo. Dada alikuwa Koplo kwa miaka minne. Akamwingiza kijana siku ileile, akapewa cheo cha chini kabisa, Kadeti. Basi na sisi tuwaite hivyo, maana hata wao wenyewe walikoma kuitana majina.

"Kadeti, umekula?"

"Ndiyo, afande."

"Umekula nini?"

"Mkate, afande."

"Mkate na nini?"

"Na kukuwaza, afande."

"Toka hapa!" Koplo akikata simu anacheka peke yake karakanani, mdomo wa plasta wa kupimia meno mkononi, na fundi mwenzake anatikisa kichwa.

Wakaanza kukutana jioni baada ya kazi, kwenye benchi la kituo cha mabasi lililo katikati ya kazi zao. Koplo alikuja na harufu ya nta, Kadeti na harufu ya wino, wakagawana karanga na ubishi. Wakiachana, lilikuwapo sharti moja: ukifika, sema. Kwa hiyo kila jioni simu mbili zililia neno moja. Nimefika. Nami nimefika. Kadeti akawa halali vizuri neno hilo likichelewa. Alikuwa amependa, hakuna haja ya kulizungushia maneno.

Kambi nayo ilikuwa inawaka moto. Kitabu cha saba kiliwagawa vibaya. Mmoja aliandika, "Kurasa mia moja za vikao! Mimi nilinunua vita, nimeletewa muhtasari wa mkutano." Mwingine akajibu kwamba vita bila siasa ni kelele, akaambiwa akajiunge na kundi la wazee wa baraza. Lakini juu ya jambo moja wote walikuwa kitu kimoja: Sajenti.

Sajenti hakuwahi kumpiga mtu risasi katika vitabu vyote saba. Ni mzee anayeendesha chombo cha mizigo, anawapelekea wapiganaji chakula na barua. Mwisho wa kitabu cha saba chombo chake kinapigwa, mawasiliano yanakatika, na kituoni wanawasha taa kubwa ya kumwongoza, siku kumi na moja usiku na mchana. Kisha mstari wa mwisho kabisa wa kitabu, ujumbe wa mlinzi wa zamu: *Sajenti amefia kituoni. Zima taa.*

Kambi nzima ilivaa msiba. Watu walibadilisha picha zao zikawa nyeusi tupu. Walisalimiana kwa "zima taa". Koplo alipiga simu analia.

"Amefika mpaka mlangoni, Kadeti! Siku kumi na moja! Halafu yule mwandishi anamuua mlangoni! Ana moyo gani yule mama?"

Kadeti, ambaye kazi ilimfanya asiifungue Kambi kwa siku mbili, alikaa kitandani, simu sikioni. "Amefia?" akauliza polepole.

"Amefia, ndiyo. Kwani wewe hujasoma?"

Alikuwa amesoma mara nne. Na mara zote nne alisoma *amefika*.

Kesho yake alifika kiwandani kabla ya watu, akafungua kabati, akatoa mswada wa mwandishi uliopigwa chapa. *Sajenti amefika kituoni. Zima taa.* Mzee amerudi nyumbani salama, taa haina kazi tena. Hapo ndipo alipokumbuka. Siku ya mwisho ya kazi, neno "taa" liliangukia peke yake kwenye ukurasa mpya, na kwa neno moja hilo kitabu kingeongezwa karatasi nzima. Akaanza kuubana mstari kwa mkono, kupunguza nafasi herufi kwa herufi. Kidole kikagusa kitufe cha kufuta. Mstari ukaenea, neno likapanda juu, naye akashukuru Mungu akaenda kunywa chai. Macho yake yaliyokuwa yakijua sentensi kwa moyo hayakuisoma tena.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. "Mwandishi ameona?"

"Hasomi vitabu vyake vikishatoka. Na maoni ya wasomaji aliapa kutoyasoma tangu kile cha tatu, walipokiita supu ya maji."

"Basi hakuna aliyeona. Watu wanalia, na wanapenda kulia. Ukifungua mdomo, utafute kiwanda kingine."

Jioni ile benchini alitaka kusema. Kweli alitaka. Lakini Koplo alimtangulia.

"Baba amekataa kitabu."

Baba yake aliendesha malori miaka thelathini, na sasa macho yalikuwa yamemchoka. Tangu kitabu cha kwanza, kila Jumapili baada ya chakula Koplo alimsomea. Mzee hakuwa mtu wa maneno. Hakuwahi kuuliza kazi inaendaje wala moyo uko wapi. Ila zikifika sehemu za Sajenti alikuwa akimkatiza, "Hata mimi, mwanangu, kuna siku breki zilinikatikia mlimani," na hadithi ikatoka, na hivyo ndivyo binti alivyomjua baba yake.

"Nilipofika ule mstari akaniambia funga," Koplo alisema. "Nimemuuliza tusome kingine, akasema amechoka kusikiliza. Sasa tunakaa tunatazamana, Kadeti. Jumapili nzima."

Kadeti alimshika mkono, akanyamaza. Hapo ndipo kosa la kweli lilipofanyika, wala halikufanywa na kidole. Akaogopa kumpoteza. Akajiambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa, zikapita wiki tatu.

Jumamosi ya tatu Koplo alikwenda kwa Kadeti kula mchana, amevaa blauzi nyeupe na sketi ya kijani aliyoinunua kwa ajili hiyo, ingawa angekana. Kadeti alikuwa jikoni anakaanga mayai. Koplo, asiyeweza kuona kitu kimekaa upande, akaanza kunyoosha karatasi mezani. Moja ilikuwa ukurasa wa mwisho wa mswada, Kadeti ameunakili, na chini ya herufi moja amechora mstari mwekundu.

"Kadeti." Sauti ilikuwa ndogo. "Hii ni nini?"

Alitoka na mwiko mkononi, akaona, akajua. Akaeleza yote, kiwanda, neno lililoanguka, kitufe, bosi. Mayai yakaungua na hakuna aliyeyajali.

"Kwa hiyo hakufa," Koplo alisema.

"Hakufa."

"Na ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Usiku ule uliponipigia."

"Nikiwa nalia."

"Ndiyo."

"Na benchini, niliposema Baba hasemi tena na mimi?"

Kadeti aliinamisha kichwa.

"Kuteleza kidole, hata mimi nimewahi kumtengenezea mtu meno makubwa kuliko mdomo. Tulicheka, nikayarudia. Lakini wiki tatu, Kadeti! Wiki tatu unanitazama usoni, unanimenyea karanga!" Akachukua mkoba. "Usinipigie."

Jioni ile simu ya Kadeti haikulia. Aliandika *Umefika?* akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Siku nne alizunguka na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza alijua mlinzi wa zamu alijisikiaje kule kituoni.

Siku ya tano akapanda basi kwenda kwa mwandishi, mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya kona na mbwa mkali kuliko kitabu chochote alichoandika.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemuua Sajenti."

"Marahaba. Sajenti gani?"

Alipoelewa, mwalimu alivua miwani, akacheka mpaka mbwa akabweka. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Na watu wamemlilia?"

"Sana, Mwalimu. Kuna mzee amekataa kusomewa tena."

"Kijana, mimi nilimrudisha yule kwa sababu yangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa nahodha wa meli, hakurudi." Akavaa miwani. "Bosi wako niachie mimi. Chapa ya pili utaisahihisha wewe, kwa mkono wako, na usiponiwekea *k* yangu nitakufungulia huyu mbwa. Lakini hao wasomaji wako, waambie mwenyewe."

Akawaambia. Kadeti, wa cheo cha chini kabisa, aliandika kwa Kambi nzima: *Sajenti yu hai. Mwandishi aliandika amefika. Herufi niliiangusha mimi, mpanga kurasa, nikajua, nikanyamaza wiki tatu. Nisameheni.*

Wee! "Apelekwe mahakama ya kijeshi!" "Mimi nilinyoa nywele, jamani! Nilinyoa!" "Nilishasema ameuawa kisiasa." Wengine walilia upya, sasa kwa furaha. Kuna aliyegoma kabisa, akasema kifo kilikuwa kizuri zaidi na herufi ibaki ilikoangukia. Mkuu wa Kambi akamvua Kadeti cheo akamfanya mpishi. Koplo peke yake hakuandika neno.

Jumapili baada ya chakula, mlango wa nyumba ya wazazi wake ukagongwa. Alifungua yeye, gauni lilelile la njano. Kadeti alisimama nje, kola imekunjika, ukurasa mkononi.

"Nilikwambia usinipigie."

"Sijakupigia. Nimekuja kwa Mzee."

Koplo alitazama ile kola muda mrefu. Mkono ulimwasha, akaufunga kifuani. "Ingia. Una dakika tano."

Mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mikubwa magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ndiye aliyemuua Sajenti, Baba," Koplo alijibu kutoka mlangoni.

"Mzee, nilikosea herufi moja. Kisha nikaogopa kusema, na hilo ndilo kosa kubwa. Naomba nikusomee kama ilivyoandikwa." Akaanza juu kidogo, siku ya kumi na moja, taa inawaka, mlinzi macho mekundu. Akafika mwisho. "*Sajenti amefika kituoni. Zima taa.*"

Mzee alisafisha koo.

"Rudia."

Akarudia.

"Nilijua," Mzee alisema. "Mtu haendeshi umbali wote ule halafu afie mlangoni." Akamgeukia binti yake. "Hata mimi kuna safari moja nilichelewa siku sita. Njia ilikuwa imekatika. Mama yako, mwanangu, kila jioni aliacha taa ya barazani ikiwaka. Ulikuwa tumboni bado. Sijawahi kukwambia?"

"Hujawahi, Baba." Koplo alikuja akakaa miguuni pake, machozi yanamtoka bila kuyafuta, na Mzee akaendelea kusema mpaka jua likahama dirishani. Dakika tano zilikuwa zimekwisha zamani. Hakuna aliyezihesabu.

Kadeti alipoaga, Koplo alimsindikiza mpaka mlangoni. Hatimaye mkono ukamshinda, akainyoosha ile kola kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

"Sijakusamehe yote."

"Najua, afande."

"Siku nyingine ukiwa na jambo, unasema siku hiyohiyo. Hata kama nalia. Hasa kama nalia."

"Siku hiyohiyo, afande."

"Haya nenda. Ukifika, sema."

Akafunga mlango, akaegemea kwa ndani. Hata hajavuta pumzi, simu ikalia mfukoni mwa gauni. Akasoma. Akasoma tena. Akapiga.

"Wewe! Hujatoka hata getini na umeshaanza. Umeandika 'nimefia kwako'. Umeangusha *k* tena!"

Kutoka upande wa pili wa mlango alisikia sauti mara mbili, simuni na kwenye mbao.

"Hapana, afande. Hii nimeisahihisha mara tatu."