Kilomita Mia Tatu Sitini na Mbili

"Ngoja niwasomee," shangazi alisema huku akivaa miwani. "Mkwe wenu huyu si wa kukaa bure. Ameweka kitu kipya sasa hivi, simu yangu imelia."

Nilikuwa ndiyo naingia sebuleni na sinia la vikombe. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na dakika mbili za jioni, na kwenye makochi ya upande wa dirishani walikaa wageni watatu waliokuja kuniposa: Mita, mama yake, na mjomba wake ambaye ndiye aliyekuwa msemaji. Mita si jina lake. Ni mpima ardhi, na jina hilo nilimbandika mimi, likamganda mpaka kwao.

Siku ile sikuwa nimeweka kitu chochote. Nikadhani shangazi amefungua cha zamani, kile cha maporomoko ya maji, nikatabasamu kama mchumba anavyotakiwa kutabasamu mbele ya wakwe. Shangazi ndiye msomaji namba moja wa blogu yangu ya safari, Mkoba Mmoja. Akakohoa kidogo, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"'Leo nikiwa angani, niseme ukweli ulionishinda nikiwa chini.'"

Nikaacha kutabasamu.

"'Kuna mwanaume nilimkubalia kwa huruma. Alipanda basi kilomita mia tatu sitini na mbili kuja kuniuliza swali moja, nikaona haya kumrudisha na jibu la hapana. Lakini vyote ninavyovitaka maishani vinaenea kwenye mkoba mmoja, na yeye...'"

Shangazi alikuwa ameshapunguza mwendo. Tatizo ni kwamba mdomo wake ulishashika kasi, ukamaliza sentensi kabla kichwa hakijauzuia.

"'...na yeye haingii humo.'"

Mama aliangalia zulia. Mama yake Mita aliniangalia mimi, moja kwa moja, na sikupata pa kuyaweka macho yangu.

Makala ile naijua, niliiandika kwa mikono yangu hii. Ila kuna kitu kimoja ndani yake sikukiandika mimi, na hicho ndicho kilichonikata maini nikiwa nimesimama pale na sinia. Mimi niliandika kilomita mia nne.

Mniwie radhi, hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Nina shahada ya masoko na kazi ya kuandika matangazo ya matangi ya maji. Chuoni nilifundishwa tabia ya mnunuzi kwa miaka mitatu. Ofisini nikagundua mnunuzi wa tangi anataka kujua kitu kimoja tu, kama litapasuka. Blogu ndiyo ilikuwa pumzi yangu. Kila likizo nilibeba mkoba nikaenda mahali, nikarudi nikaandika. Na kwa kuwa meneja wetu alitufundisha kuandika mapema na kuipangia kila makala siku na saa, ili mtambo uiachie wenyewe, niliibeba tabia hiyo mpaka nyumbani.

Mita aliingia kwenye blogu hiyo kwa sababu ya kosa langu. Niliandika kwamba maporomoko yako kilomita tano kutoka stendi, watu wakatembea kumi na nane, wakarudi kunitukana hadi nikaogopa kufungua simu. Kuanzia hapo nilimpa Mita neno langu la siri. Kabla makala haijatoka, anaingia, anarekebisha umbali, anatoka. Maneno yangu hayagusi. Nilimzoea kiasi kwamba nikaacha kabisa kuangalia namba zangu.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi ile, kampuni moja ya hoteli ilinipa kazi. Miezi sita ya kuzunguka nchi nane, kulala kwenye hoteli zao na kuandika. Nilimpigia Mita nikiwa napiga kelele za furaha, naye akaniuliza kama yeye amekuwa begi la kuachwa stoo. Tukagombana tukafika mbali. Nilipokata simu nilikaa na kompyuta nikaandika ile makala, nikaipangia itoke siku ya safari, Jumamosi, saa kumi jioni, saa ambayo ndege yangu ingekuwa imeshapaa.

Siku ya tatu Mita alikuja ofisini kwangu na viatu vyake vya tope, akaomba radhi mbele ya mhasibu na mtu wa mapokezi. Nikalainika. Nikawapigia watu wa hoteli, nikakataa kazi. Wazee wakakaa, wakapanga siku ya kuja kuposa, wakachagua Jumamosi ileile. Mimi nikashughulika na mapazia na vikombe. Makala niliisahau. Niliisahau kabisa.

Sasa turudi sebuleni.

Mjomba wake alikunja miguu, akaikunjua, akasimama taratibu.

"Tulikuja kumsikia binti," alisema kwa upole, "na tumemsikia."

Shangazi alianza kueleza kwamba mambo ya mitandao hayo, huenda ni hadithi tu, huenda simu imeingiliwa na wahuni. Mama yake Mita akachukua mkoba wake.

"Mwanangu haonewi huruma," aliniambia. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Nilimfuata Mita barazani. Wakubwa walikuwa wanavaa viatu, wanaagana kama watu wanaotoka msibani. Alikuwa ameegemea nguzo, anaangalia geti.

"Uliisoma," nilisema.

"Niliisoma."

"Lini?"

"Siku uliyoiandika. Niliona kitu kipya, nikajua ni kazi yangu ya kawaida."

"Na ukarekebisha umbali."

"Haikuwa mia nne," alisema. "Ile njia ya kutoka kambini kwetu kazini niliipima mwenyewe."

Nilitaka kukaa chini palepale sakafuni. Huyu mtu alifungua makala ya kuachwa kwake, akaisoma mpaka mwisho, akarekebisha namba moja, akafunga. Siku ya tatu akaja ofisini kwangu na tope miguuni kuniomba radhi. Alikuja akiwa anajua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uifute. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilifungua nikaangalia kama bado ipo. Nilidhani imekaa tu humo ndani, sikujua umeipangia saa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wiki tatu. Nikasema labda anatafuta namna ya kuniambia."

"Nilisahau, Mita. Naapa nilisahau kama ipo."

Akanigeukia. Nilidhani neno hilo litanisaidia, kumbe nimemwaga mafuta ya taa kwenye moto.

"Mimi nilikuwa nalala na maneno yale, naamka nayo," alisema. "Na wewe mwenye maneno umeyasahau?"

Mjomba wake aliita kutoka getini. Mita akashuka ngazi moja, akasimama.

"Nijibu moja tu. Ni kweli?"

Hapo ningeweza kusema yote ni uongo. Kichwa changu cha masoko kilikuwa kimeshapanga na sentensi. Lakini nilimwangalia yule mtu asiyevumilia hata kilomita moja ya uongo, midomo ikakataa.

"Huruma ni uongo," nilisema. "Mkoba ni kweli."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayeandika kipimo kwenye daftari.

"Basi ungeniambia la mkoba," alisema, akaondoka.

Jioni ile niliosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Mama alikuja akasimama pembeni yangu na kitambaa, akawa anafuta. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu ile huruma niliitoa wapi. Nikamwambia ukweli: niliitafuta. Nilikuwa na hasira, nikaandika kama ninavyoandika kazini, nikachagua neno litakalouma haraka. Neno la kweli lilikuwa woga. Niliogopa kwamba nikiolewa nitaandika matangi mpaka nizeeke, na niliogopa kwamba nikienda nitarudi nikute ameoa. Lakini nani angesoma makala ya mtu mwoga?

"Mimi ningesoma," mama alisema.

Nilipofungua blogu kuifuta makala, nilikuta maoni mia mbili na kitu. Watu nisiowajua hata kwa sura walikuwa wananipongeza. Hongera dada, jichague. Mwache huko na basi lake. Mmoja aliuliza begi hilo nimelinunua wapi. Nilisoma yote mpaka mwisho, kama adhabu, halafu nikafuta.

Jumapili nilimpigia Mita, hakupokea. Nikamwandikia: "Naomba nimwombe mama yako radhi." Akajibu baada ya saa tano: "Mwache kwanza apoe." Nikaandika tena, hakujibu.

Jumatatu niliwapigia watu wa hoteli. Yule mama wa huko alisema nafasi bado ipo mpaka mwisho wa mwezi, ila safari hii anataka jibu lisilobadilika. Nikamwomba siku tano. Kisha nikafungua blogu nikaandika makala mpya, nikaihifadhi bila kuipangia siku wala saa. Ilikuwa na wasomaji wawili tu duniani wenye ufunguo, mimi nikiwa mmoja.

Niliandika hivi: "Nataka kwenda miezi sita. Nataka kurudi kwako. Vyote viwili ni kweli na nilipaswa kukwambia siku moja, kwa pumzi moja. Sikukukubalia kwa huruma. Nilikubali kabla hujamaliza swali, na wewe unajua. Kutoka kwetu hadi kwenu ni kilomita tisa, na wiki hii zimenishinda."

Mita alishaniambia mara nyingi kwamba si tisa. Nilijua si tisa.

Jumanne asubuhi nilifungua. Kilomita tisa. Jumatano, tisa. Ofisini nilikuwa naandika kuhusu mifuniko ya matangi, mtu wa mapokezi ananiangalia kwa jicho la mtu aliyesoma kila kitu, nami kila nusu saa nafungua simu chini ya meza. Tisa. Nilianza kuelewa maana ya kufungua kitu kila asubuhi kuangalia kama bado kipo. Alifanya hivyo siku ishirini na moja. Mimi siku ya pili tu nilikuwa nimeshachakaa.

Alhamisi, saa mbili kasoro, nilifungua nikiwa nasuka nywele mbele ya kioo. Tisa. Nikaweka simu, nikavaa viatu, nikatafuta funguo, nikafungua tena kwa mazoea tu.

"Kutoka kwetu hadi kwenu ni kilomita kumi na moja na mita mia sita."

Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. Nikaisoma makala yote kutoka juu, neno kwa neno, kutafuta kingine alichogusa. Hakuna. Miezi sita ilikuwa pale pale, haijaongezwa wala kupunguzwa.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wake: "Niko getini kwenu."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa geti na viatu vyeupe kwa vumbi, shati limemganda mgongoni. Tulitazamana kupitia kwenye nondo. Nikamuuliza mama yake anasemaje, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

"Anasema wewe nenda. Ukirudi, uende kwake kwanza, wewe mwenyewe, bila mshenga. Mkishaongea ndiyo watakuja tena." Akasita. "Na shangazi siku hiyo aache simu nyumbani kwake."

Nilicheka, kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, nikashindwa kulipata tundu la kufuli.

"Umetembea zote hizo kwa miguu?" nilimuuliza.

"Nilitaka nipime kabla sijarekebisha," alisema. "Fungua basi, nina kiu."

Nikafungua geti.