Sahihi ya Marehemu

Kila alasiri akitoka shule, Machachari alivua sare na kwenda kushona vifungo kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi cherehani. Wiki ile vifungo viliwekwa kando. Shangazi alikuwa ameandika pendekezo la kubadili katiba: wananchi waweze kumwondoa mbunge mzembe kabla ya uchaguzi, na mbunge asiruhusiwe kuwa waziri. Tume ya katiba ingekuja Jumamosi, na kila pendekezo lilihitaji sahihi mia moja.

"Mtaa wa chini nimepata themanini. Wewe pita mtaa wa juu, mwanangu," shangazi alimwambia. "Mweleze mtu kwanza. Akikataa, mshukuru uondoke."

Walikataa kwelikweli. Mwenye duka alimfungia mlango usoni. "Shangazi yako suruali tu zinampiga chenga," kinyozi alimkejeli, "ataweza kushona serikali?" Wateja wakaangua kicheko.

Hadi jioni alikuwa na sahihi nne tu. Kwa hasira, akaketi kando ya njia na kujaza majina mengine ishirini aliyoyakumbuka, akibadilisha mwandiko.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Shangazi alizomewa hata kabla hajafungua mdomo. Katibu wa tume alipokuwa akisoma majina, muuza nyama alisimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Rudia hilo la mwisho!"

Katibu akalirudia.

"Huyo ni mama yangu! Tulimzika mwaka jana. Amefufuka lini akaja kutia sahihi?"

"Waongo! Watoeni nje!" watu walipiga kelele.

Shangazi alibaki ameduwaa. Machachari akaona wazi kwamba akinyamaza, mzigo wote utamwangukia shangazi. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Majina ishirini niliyaandika mimi. Shangazi hajui lolote." Akamgeukia muuza nyama. "Naomba unisamehe, mzee."

Akazomewa naye. Mwenyekiti aligonga meza mpaka kukawa kimya, kisha akayafuta majina yale kwa wino mwekundu.

"Mmebaki na themanini na nne. Pendekezo halipokelewi. Mwisho ni Jumatatu saa kumi. Leteni sahihi za kweli."

Kesho yake Machachari alianzia buchani.

"Sitii sahihi," muuza nyama alimwahi. "Pendekezo lenu silitaki."

"Sikufuata sahihi, mzee. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee aliendelea kukata mifupa. "Nimesikia," alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Nenda."

Kwa kinyozi alikejeliwa tena, lakini safari hii mteja mmoja alisema, "Hebu mwacheni aeleze." Akaeleza, nyumba hadi nyumba, akitukanwa hapa, akisikilizwa pale. Jumatatu saa tisa, katibu alihesabu sahihi mpya kumi na saba, akaligonga pendekezo muhuri.

Njiani shangazi alimuuliza, "Tunawalaumu wabunge kwa nini?"

"Wanatusemea bila kutuuliza."

"Na wewe ulipoandika jina la mama wa watu?"

Machachari aliinamisha kichwa. "Nilifanya kama wao."

"Basi shika hili, mwanangu. Sauti ya mtu huombwa, haichukuliwi. Na yule anayekukatalia, hata kwa matusi, hiyo nayo ni sauti yake. Iheshimu."