Evert Hakupotea Msituni

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, Evert Hallin alishuka kinyumenyume ngazi za stoo iliyo chini ya nyumba. Mkono mmoja ulishika ukuta. Mkono mwingine ulibeba ndoo ya viazi. Mkewe, Gunvor, alikuwa jikoni akichuja kahawa. Aliona uso wa mumewe ukizama polepole, huku ukimtazama.

"Evert we, ndio mtindo gani huo?"

"Natazama dari," alisema Evert. "Rangi imeanza kubabuka."

Gunvor akainua macho. Dari hiyo waliipaka rangi mwezi uliopita tu.

Mimi ni Maj-Lis, jirani yao wa nyumba ya pili. Kabla ya kustaafu nilifundisha watu wazima kusoma. Siku hizi, kila Jumatano jioni, naingia msituni na wastaafu wenzangu kukimbia mbio za ramani. Unapewa ramani na dira, unatafuta vituo kimoja baada ya kingine. Kidoleni unavaa kijiti cha kielektroniki, na kila ukifika kituoni unakichomeka kwenye kisanduku kinachorekodi muda. Ukimaliza, mashine inakutolea karatasi nyembamba yenye muda wako wa kila kipande. Kisha tunakunywa kahawa, tunakula mikate ya mdalasini ya Gunvor, na kubishana nani alipita wapi. Kusema kweli, mimi napenda ubishi huo kuliko mbio zenyewe.

Evert ana miaka sabini na moja. Alifanya kazi ya misitu miaka arobaini. Katika msitu wetu hajawahi kupotea, na sisi tukipotea hutucheka wiki nzima. Kwa hiyo Jumatano moja ya Mei ile alipomaliza akiwa karibu wa mwisho, tulishangaa.

"Vipi, bwana?" aliuliza Rune, mwenzetu.

"Nilipotea," alisema Evert, akageukia kahawa yake.

Jumatano iliyofuata akafika wa mwisho. "Nilipotea." Jumatano ya tatu, vilevile.

Rune akanivuta pembeni. "Maj-Lis, huyu mzee kichwa kinaanza kumtoka."

"Usiseme hivyo!"

"Sasa nisemeje? Evert kupotea nyuma ya kiwanda cha mbao? Pale hata ng'ombe hapotei."

Mbio kubwa za kupokezana zilikuwa zimebaki wiki mbili. Timu ni ya watu watatu, na umri wao ukijumlishwa lazima ufike miaka mia mbili. Rune ana sitini na sita, mimi sitini na tano. Bila miaka ya Evert hatufiki. Lakini sikuwa nawaza mbio. Nilikuwa nawaza rafiki yangu.

Nikaenda kwa Gunvor, nikamwambia wazi. Alikaa kitini ghafla.

"Na mimi nimeona," alisema. "Anashuka stoo kuchukua viazi vinne, anakaa robo saa. Nikimuuliza, anasema anatazama dari." Machozi yakamtoka. "Baba yake alianza hivihivi, Maj-Lis. Mwishoni hakujua mimi ni nani."

Akafungua droo. Alikuwa ameziweka karatasi zote za muda za mumewe, kama ushahidi.

Jumatatu nikawapeleka kituo cha afya kwa gari langu. Evert aliambiwa anakwenda kupimwa presha. Gunvor aliniomba niingie naye, maana aliogopa. Muuguzi akaanza na maswali.

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu," alisema Evert. "Kwani hapa hamna kalenda?"

"Na tuko mwezi gani?"

Evert akatutazama mmoja mmoja. "Presha yangu inataka kujua mwezi?"

"Mwambie unavyopotea!" Gunvor alilia. Akamwaga zile karatasi mezani. "Mwambie! Sitaki uondoke polepole kama baba yako!"

Nimemwona Evert akikasirika mara nyingi. Siku ile nilimwona akiona haya. Alimshika mkewe mkono.

"Gunvor, sijapotea hata siku moja. Ni goti."

Gunvor akafuta machozi.

"Goti?"

"La kulia. Linaniuma tangu Februari."

"Sasa kwa nini ulisema umepotea?" niliuliza mimi.

"Anayepotea wiki hii, wiki ijayo anakimbia tena. Mwenye goti mnamwambia akae nyumbani amwagilie maua. Kaka yangu alikaa nyumbani kwa ajili ya goti. Leo hatoki kwenye kochi. Msitu ndio maisha yangu, Gunvor. Ningefanya nini?"

Gunvor akampiga na mkoba begani. Hakumpiga kwa nguvu sana.

Muuguzi alijikaza asicheke. Alipomaliza vipimo vyake, akatupeleka kwa Amela, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, chumba cha mwisho. Amela naye hukimbia mbio za ramani, na msitu wetu anaujua. Alizipanga zile karatasi, akazisoma kimya.

"Mzee Evert, karatasi zimeshakusema," alisema. "Hapa unapanda kilima: dakika saba. Vijana wangekuonea wivu. Hapa unateremka kilima hichohicho: dakika kumi na nane. Aliyesahau njia angechelewa popote. Wewe unachelewa kwenye miteremko tu."

Akalibonyeza goti, akalikunja, akalinyoosha. "Limevimba. Ilianzaje?"

"Niliteleza kwenye barafu nikitoa takataka."

"Huwa linakwama? Linakuangusha?"

"Hapana."

"Umefanya nini kulisaidia?"

"Nameza dawa ya maumivu, halafu nakimbia. Nikirudi naingia sauna, kwenye mvuke wa moto."

"Halafu?"

Evert akakohoa. "Halafu asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume."

"Dari!" alisema Gunvor. "Ati rangi inababuka!"

Amela akavuta kiti, akakaa mbele ya Evert. "Ndani ya goti kuna gegedu, kitu laini kinachozuia mfupa usisagane na mfupa. La kwako limechakaa kidogo, kama la watu wengi wa umri wako. Ulipoteleza, goti likakasirika. Hukulipa nafasi ya kupoa."

"Basi niambie tu, mwanangu. Niache au nisiache?"

"Ukiacha kabisa kama kaka yako, misuli ya paja inakonda, na goti linabaki bila msaada. Ukiendelea hivi, uvimbe hautaondoka. Kuna njia ya katikati, lakini inataka subira."

"Hiyo sina," alisema Evert.

"Utaijenga pamoja na misuli."

Akamweleza polepole. Maumivu ayape namba, kutoka sifuri mpaka kumi. Akifanya mazoezi na maumivu hayapiti tano, si hatari. Lakini lazima yashuke tena kama kawaida yake ndani ya siku moja, na goti lisivimbe. Kesho yake goti likilalamika, jana alizidisha, na safari nyingine apunguze.

"Ngazi zako za stoo ndizo kipimo," alisema Amela. "Asubuhi baada ya mazoezi, zishuke. Zitakwambia ukweli kuliko mimi."

"Na dawa?"

"Usimeze dawa ili ukimbie. Maumivu ni mlinzi, na wewe unamfumba macho. Halafu siku goti likikwama, au likiwaka moto huku una homa, au likashindwa kubeba uzito wako, usinisubiri mimi. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo."

"Na mbio za kupokezana? Ni wiki ijayo."

"Hapana, Mzee."

Evert alitazama sakafu. Nilimhurumia. "Timu itavunjika," alisema. "Hatutafika miaka mia mbili."

"Mimi nina sabini na mbili," alisema Gunvor.

Tuligeuka sote.

"Mnanitazama nini? Miaka thelathini nawauzia wakimbiaji mikate kwenye meza ya kahawa. Kila Jumatano nasikia nani alipita wapi. Na nilipeleka barua wilaya nzima kwa baiskeli. Mnadhani sijui ramani? Sitakimbia, nitatembea."

Siku ya mbio, kweli alitembea. Alivaa viatu vya mpira na kofia ya kuchumia matunda ya msituni. Hakukosea kituo hata kimoja. Timu yetu ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, na Rune alijisifu kama tumeshinda. Evert alisimama nyuma ya meza ya mikate na aproni ya mkewe. Alimpigia Gunvor makofi mpaka kahawa ikamwagika.

Wiki zile za kwanza hazikuwa rahisi. Jumatano jioni Evert alifunga pazia asituone tukienda. Lakini mara tatu kwa wiki alifanya mazoezi ya Amela. Aliinuka kitini bila kushika meza, mara kumi, akapumzika, akarudia. Alipanda kidato kimoja cha ngazi na kushuka, polepole. Aliendesha baiskeli mpaka ziwani. Gunvor alimhesabia kwa sauti huku akimenya viazi.

"Nane! Hiyo haihesabiki, umeshika meza!"

"Nimeigusa tu!"

"Nane!"

Mwezi wa Julai uvimbe uliisha. Agosti, Amela akamruhusu kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwenye njia laini ya majani ya misonobari. Evert alinung'unika kwamba hata konokono wanampita. Lakini alifuata. Siku moja alizidisha, akajifanya kijana. Kesho yake ngazi zikamwambia. Alipunguza bila kuambiwa na mtu, na hapo ndipo nilipojua amejifunza.

Mbio za mwisho wa msimu zilikuwa Jumamosi moja ya Septemba. Gunvor alikataa katakata kurudisha nafasi yake kwenye timu, kwa hiyo Evert akaingia mbio za mtu mmoja mmoja. Nilimwona akitokea kwenye miti, uso mwekundu, akitabasamu. Alikuwa wa nne kutoka mwisho.

"Umepotea tena, bwana?" Rune alimpigia kelele.

"Sijapotea!" alijibu Evert, kwa sauti ya kusikiwa na watu wote waliokuwa kwenye kahawa. "Tambarare nimekimbia, vilima nimekimbia, miteremko yote nimetembea. Nina goti!"

Wazee watatu wakamsogelea papo hapo. Kumbe nao walikuwa na magoti, na mmoja alikuwa "akipotea" tangu mwaka juzi. Evert akawaandikia jina la Amela nyuma ya ramani.

Asubuhi yake, Gunvor ameniambia, aliamka akakuta kitanda kitupu upande wa pili. Alisikia mlango wa stoo ukifunguliwa. Akashika shuka, akasikiliza. Ngazi zile ni kumi na mbili. Alizihesabu zote, na hatua zote zilikuwa sawa. Halafu sauti ya mumewe ikatoka chini.

"Gunvor! Dari ni nzima!"