Kabichi Haina Neno

"Umeniulia mtoto! Mwanamke mbaya wewe, umemuua!"

Hiyo sauti ni yangu mimi. Mikono yangu miwili imekamata ukosi wa mama mkwe wangu, mtu wa miaka sabini na mbili, katikati ya mkahawa uliojaa watu.

Vijiti vya kulia vya watu vimeganda hewani. Hakuna anayetafuna.

Pembeni yangu mwanangu Kotone, miaka kumi na mbili, midomo imevimba kama kang'atwa na nyuki. Akivuta pumzi, inalia kama filimbi...

Wazazi wenzangu, hasa nyie wenye watoto wa aleji, someni hii mpaka mwisho. Mimi shule niliishia ile ya lazima, kuandika siyo kazi yangu. Naandika ili yasikukute.

Naitwa Shizue. Tunaishi Okazaki, mimi, mume wangu Noboru, mwanetu, na mama yake Noboru, Bi Tomie. Nyumba moja. Jiko moja! Miaka kumi na nne!

Kotone ana aleji ya mayai. Siyo ile ya kujikuna. Ile ya kufa, sindano ya dharura haitoki begini mwake.

Na bibi yake hakuwahi kuiamini.

"Enzi zetu hayo mambo hayakuwepo. Hilo ni deko tu."

Mtoto alipokuwa na miaka miwili, akamlisha kipande cha keki kwa siri. Tukalala hospitali siku mbili. Samahani? Hata nusu yake sikuisikia. Tangu hapo nikajiapiza: huyu mama simbandulii jicho.

Sasa Januari hii Kotone alikuwa na mtihani wa kuingia sekondari ya wasichana aliyoililia tangu darasa la nne. Mtihani ulikuwa Jumapili. Katikati ya wiki, mezani, Bi Tomie akatangaza:

"Jumamosi mchana tunampeleka mtoto akale katsu."

Kijiko kikanidondoka.

Mnajua wenyewe, katsu ukiitamka ni sawasawa na kusema "kushinda". Mwanafunzi anakula katsu, kesho yake anakwenda kushinda. Lakini ile nyama ya nguruwe, kabla ya kuvingirishwa kwenye chenga za mkate, inachovywa wapi? Kwenye yai!

"Mama, ile ina mayai!"

"Najua ina nini. Nimekaanga katsu kabla hujazaliwa."

"Sasa?"

"Sasa Jumamosi tunakwenda."

Nikamgeukia Noboru. Noboru akafungua gazeti. Mume wangu huyo, nyumba ikiungua ataanza na habari za michezo.

Kotone akanitazama. "Mama, darasa zima wameshakwenda. Nimebaki mimi tu."

Nikanywea. "Haya. Lakini utakula wali na kabichi."

Mwanangu hajawahi kukanyaga mkahawa wa katsu. Niseme ukweli, hata mimi. Kwetu tulikuwa wakulima, katsu ilikaangwa na mama nyumbani, tena siku ya mgeni.

Jumamosi tukafika watatu; Noboru kabaki nyumbani na gazeti lake. Sakafu ya pale inang'aa kwa mafuta ya miaka arobaini. Nikamshika Kotone mkono.

"Angalia usiteleze, mwanangu."

Bi Tomie akasimama kama kachomwa mwiba.

"Umesema nini?"

"Nimesema aangalie..."

"Kesho mtoto ana mtihani, wewe unamtamkia kuteleza! Si umwambie tu aanguke kabisa?"

"Na wewe sasa umetaja neno la pili la mkosi!"

Mzee mmoja wa meza ya jirani akapaliwa na supu kwa kicheko. Kotone akaziba masikio.

Tukakaa. Mhudumu akatuletea vinu vidogo vya kutwangia ufuta. Mimi sikujua kwanza unafanya nini. Bi Tomie akaliona hilo, akacheka puani.

"Unatwanga, Shizue. Haviwekwi urembo."

Nikatwanga kwa hasira mpaka kinu kikalia. Nikajiambia, leo simuulizi mtu kitu humu ndani. Sitampa nafasi ya kunicheka mara ya pili!

Sahani ya katsu, ambayo mimi sikuiagiza, ikaletwa kwa Kotone na mpishi mwenyewe, mzee Iwase. Akaiweka mezani, akamwinamia Bi Tomie, wakatazamana.

Hawa wanajuana!

Nikaivuta sahani kwangu. "Haiguswi!"

"Shizue, mwache ale. Hiyo haina..."

"Kama ile keki haikuwa na kitu, siyo?"

Akarudi kwenye kinu chake. Shavu likamchezacheza.

Nikamsogezea Kotone bakuli la kabichi, nikammiminia ile sosi nyeupe ya ufuta iliyokuwa mezani.

"Kula hii. Kabichi haina neno."

Akala, macho yote kwenye nyama.

Nikageuka kuomba kabichi nyingine. Jamani, nimegeuka sekunde tano! Narudisha uso... sahani imerudi kwa mtoto. Kipande kimoja hakipo. Kotone anatafuna, anatabasamu. Bibi naye anatabasamu.

"Mama... kumbe ni tamu hivi!"

"TEMA!"

Akatema. Akakohoa. Akashika koo.

Hapo ndipo nilipomrukia Bi Tomie ukosini. Naye anahangaika kunyoosha mkono kwenye begi la Kotone.

"Niachie! Nichukue sindano!"

"Usimguse mwanangu!"

Nikamchapa mkono. Begi likaanguka. Mimi navuta, yeye anavuta, glasi zinapasuka.

"Miaka kumi unaitafuta roho yake!"

"Niachie nimwokoe, mjinga wewe!"

Mara nikasikia: tak!

Tukageuka.

Kotone yuko chini, kaegemea mguu wa meza. Ameshika ile sindano yake ya dharura kwa ngumi, ameikita pajani juu ya suruali, anahesabu kwa vidole kama walivyomfundisha.

Watu wazima wawili tunakabana. Mtoto anajidunga mwenyewe.

"Mama..." akasema, sauti haitoki. "Mwachie bibi."

Watu wakapiga simu, gari la wagonjwa likaitwa. Mzee Iwase akatoka jikoni mbio, mikono myeupe kwa unga.

"Haiwezekani! Ya mtoto haikuwa na yai! Nimechovya kwenye unga na maji. Mkate nimeuoka mwenyewe. Mafuta mapya, sufuria yake peke yake! Huyu mama kaja hapa mara tatu wiki hii, kanisimamia jikoni kama askari!"

Nikamwachia Bi Tomie ukosi.

"Kala nini kingine?" akauliza mpishi.

Macho yake yakatua kwenye bakuli la kabichi. Akaichukua ile chupa ya sosi, akaitazama, akairudisha mezani taratibu sana.

"Hii ina mayonezi. Mayonezi ni mayai."

Ile ya nyumbani natengeneza mwenyewe, ufuta na siki tu. Nilidhani sosi ni sosi.

"Nani kammiminia?"

Jamani... mkahawa mzima ulikuwa unaniangalia mimi.

Kotone alipona. Lakini Jumapili asubuhi, wenzake wanafungua karatasi za mtihani, yeye yuko kitandani, dripu mkononi, anatazama dari. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Bi Tomie nilimkuta ameketi kwenye korido ya hospitali, ukosi umechanika.

"Ile keki nilimpa mimi," akasema bila kunitazama. "Miaka kumi naibeba. Nilitaka apate sahani moja salama kutoka kwangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Nikautazama ule ukosi niliouchana.

Akainuka, akachukua mkoba wake. "Basi na wewe sasa unao mzigo wako. Ubebe."

Hatujapatana. Msije mkadhani tulikumbatiana. Jiko ni lile lile, kila mtu na kona yake, na chumvi tunaombana kupitia kwa Noboru na gazeti lake.

Lakini wazazi, nisikilizeni. Mimi nilikuwa namlinda mtoto na mtu, badala ya kumlinda na yai. Adui niliyemkodolea macho aliuliza mara tatu. Mimi mama mzazi sikuuliza hata mara moja, kwa sababu niliona aibu kuonekana mshamba.

Uliza! Wakucheke, uliza. Kila chupa, kila bakuli, hata maji ukiyatilia shaka.

Juzi tulipita mkahawa wa tambi. Kabla sijafungua mdomo, Kotone alishamwita mhudumu.

"Samahani, hii ina yai?"

Kisha akaivuta chupa ya sosi, akaiweka upande wake. Mbali na mkono wangu.